Hawa wenye magando membamba ni kamba gani? Nina kilo 2 jikoni, nawapikaje

BintiTanga
Habari zenu wakubwa, shikamooni. Mimi wa Tanga ila sasa naishi Uskoti, leo asubuhi nimeshuka bandarini Oban nikakuta boti inauza hawa viumbe bado wazima wanatembeatembea kwenye ndoo nikachukua kilo 2. Nimekulia kwenye kamba wa kimia na kambakoche pia nawajua, huyu simuelewi. Ana magando mawili marefu membamba yana miiba miiba, macho meusi makubwa, na rangi ni ya chungwa kabisa wakati hata moto hajauona. Jirani kaniambia ndo skampi. Sasa skampi si ile ya kukaanga tunayouziwa na chipsi? Na nikimtia nazi ataharibika? Naomba msaada kabla ya jioni.

MenyaMenya
Ndo huyo huyo dada. Ile ya chipsi ni mkia wake tu, umemenywa ukaviringishwa kwenye chenga za mkate, nimefanya hiyo kazi ya kumenya miaka 3 huku huku Uskoti, vidole vinachanika balaa. Kitaalamu ni Nephrops norvegicus. Kambakoche wetu hana magando, ana masharubu manene tu, hapo ndo pa kuwatofautisha. Halafu huyu anakaa kwenye tope sio kwenye mwamba, anachimba shimo lake chini huko na anatoka kutafuta chakula mwanga ukiwa hafifu. Meli za nyavu za kukokota zinachukua wengi ila wanafika wamepondwa, hao wako wazima inaelekea ni wa dema, boti ndogo zinashusha madema yenye chambo cha samaki yamefungwa kwenye kamba moja ndefu. Angalia chini ya mkia, ukikuta mayai ya kijani kibichi ni jike. Majike wenye mayai hawatoki sana shimoni ndo maana wavuvi wanapata madume zaidi.
Ndugu zake wapo hata bahari yetu, Msumbiji wanavuliwa, lakini ni kina kirefu mita 200 kwenda chini, kwa hiyo mvuvi wa ngalawa hawezi kukutana nao.

MzeeWaPate
Marahaba mwanangu. Huyo simjui ila huku Lamu kamba mawe, ndo hao kambakoche wenu, tunawatoa kwa pweza. Unazamia na fimbo, pweza umemfunga kwenye ncha, unamuingiza pole pole pangoni. Kamba humuogopa pweza kuliko kitu chochote, akimuona tu anarudi kinyumenyume mbio anatokea upande wa pili, mwenzio keshaweka mkono pale, anamshika mgongoni, sio masharubu maana yanakatika ukabaki nayo mkononi. Mwenye mayai tunamrudisha. Wanaowachukua hao wanaua bahari ya watoto wao na inaniuma sana.

JikoLaUnguja
Dada nazi usimtie, nakusihi. Kamba wa kimia anavumilia mchuzi, huyu nyama yake ni tamu laini, nazi itamfunika. Wapige baridi kwenye friza dakika 20 walale. Chemsha maji mengi, chumvi gramu 35 kwa lita, yawe kama bahari, yakitokota watie, yakianza kutokota tena hesabu dakika 3 toa, ukizidisha nyama inakuwa kama pamba. Pasua katikati kwa urefu, toa ule utumbo mweusi wa mgongoni, mwagia siagi yenye thomu na ndimu basi. Aliyekufa muda, kichwa kimeanza weusi na ananuka kama mkojo, huyo tupa usimuonee huruma.
Na usidanganywe na mapishi ya Marekani yanayoitwa skampi, wale ni kamba wa kawaida kwa siagi na thomu.

BintiTanga
Nimerudi. Kilo 2 tumemaliza watu wanne, mwanangu wa miaka 6 kakaa anafyonza magando moja moja mpaka kimya kikatanda mezani. Wawili walikuwa na mayai ya kijani kweli. Dakika 3 ni sahihi kabisa, ukivuta mkia nyama inatoka nzima. Vichwa na magamba sijatupa, nimevikaanga na kitunguu na nyanya nikachemsha nusu saa nikachuja, imetoka supu nyekundu nzito inanukia nyumba nzima. Hiyo jamani ndo nimeitia tui, wali wa kesho unapikiwa humo.

JikoLaUnguja
Hapo kwenye supu sawa, nazi ndo mahala pake. Tia na pilipili mbuzi moja nzima usiipasue.