Ada ya maombi ya kusoma sheria: wasio na uwezo wasamehewe?

Mwanakwetu wa Chamwino: Wakuu, kijana wa jirani yangu kamaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), daraja la pili. Anataka sheria. Chuo hiki elfu kumi, kile elfu kumi, na ukitaka usingizi unaomba vitano. Hapo fomu ya Bodi ya Mikopo nayo inasubiri 30,000 yake. Kaya yao iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kaya maskini. Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita 2022, sasa kwa nini hawa wasisamehewe ada ya maombi? Majina si yapo tayari?

Kisiki: Hiyo elfu kumi ndiyo inachuja wababaishaji. Ifuteni muone, kila mtu ataomba vyuo ishirini. Na nyie watu wa Dodoma, kuombaomba hamjaacha tu.

Zabibu Chungu: Mengine nakuachia, hilo la mwisho njoo tulimalize. Mkikutana na ombaomba Kariakoo mnamuuliza kama ni Mgogo, hata akiwa mtu wa kwenu. Huku mvua ni msimu mmoja. Ikikatika Januari, mtama umekwenda na hakuna vuli ya kukufuta machozi. Wewe mwenye misimu miwili umefanya nayo nini cha ajabu?

Kisiki: Povu lote la nini? Utani tu.

Zabibu Chungu: Utani una wenyewe. Taja kabila lako tujue kama unaruhusiwa.

Kisiki: Mpare.

Mama Neema: Mpare anamcheka mtu kwa kuogopa kutoa elfu kumi! Jamani nimecheka hadi mjukuu kaamka.

Dada wa Area C: Tukirudi kwenye mada. Marekani wanaosimamia LSAT, mtihani wa kuombea kusoma sheria, hao LSAC, wana utaratibu wa msamaha. Unaonyesha kipato, wakikukubali hulipii mtihani, na vyuo vingi vinafuta ada yao papo hapo. Vingine vinamwandikia mwenye alama nzuri kumsamehe ada bila yeye kuomba, wanamtaka tu.

Kisiki: Marekani wana hela, dada.

Dada wa Area C: Wana hela na bado mtihani wenyewe unazidi dola mia mbili. Ndiyo maana wakaweka msamaha.

Mzee wa Nkuhungu: Wanangu, elfu kumi ni mwanzo tu. Mtoto akimaliza shahada kwenye vyuo vya hapa Dodoma, UDOM au St. John's, bado hajawa wakili. Kuna Shule ya Sheria, ya kusomea uwakili baada ya shahada, nayo iko Dar. Chumba, chakula, daladala, mzazi ameshauza ng'ombe wa mwisho. Na ile 2022 si walifeli mia sita hivi?

Zabibu Chungu: Waliofaulu moja kwa moja ni 26 kati ya 633, mzee. Waliobaki wengi walipewa kurudia, wengine wakaondolewa. Ikaundwa kamati ya Mwakyembe kuchunguza.

Kisiki: Si ndiyo ninayosema? Wanaingia wengi wasio na uwezo. Ada ipande.

Dada wa Area C: Hao wote walilipa ada ya maombi, Kisiki. Kichujio chako kilikuwa kimelala?

Mwanakwetu wa Chamwino: Jamani, TASAF...

Mzee wa Nkuhungu: Mimi nasema hiyo shule ihamie huku. Serikali imehamia, Mahakama nayo 2025 imefungua makao makuu yake hapa hapa. Kinachobaki Dar ni nini?

Kisiki: Kila kitu mletewe mlangoni. Treni ya SGR ipo, 31,000 unashuka Dar.

Mama Neema: Na kurudi? Au wakishafika huko wabaki Kariakoo, uwaulize kama ni Wagogo?

Zabibu Chungu: Mama umemaliza 😂

Kisiki: Mada ya sheria imekuwa ya Wapare. Haya endeleeni.

Zabibu Chungu: Nani alianza?