Ulinganisho: kunakili hifadhidata kwenda seva ya akiba, njia ipi itatuokoa siku ya janga?

Mtunza_Daftari: Wakuu, habari za jioni. SACCOS yetu ina hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva moja hapa Dar es Salaam. Tumepata nafasi ya seva ya akiba Dodoma, moja tu. Mezani kuna njia tatu: kunakili kwa kusubiri jibu, kunakili bila kusubiri, au dampu (nakala nzima ya data kwenye faili) ya kila usiku. Mnashauri ipi?

MzeeWaKonsoli: Dampu peke yake hapana. Seva ikifa saa kumi jioni, amana na marejesho ya siku nzima yamekwenda, na wanachama wana risiti mkononi. Kusubiri jibu kunaziba pengo hilo, maana muamala haukubaliwi mpaka Dodoma iuandike. Ila kwa akiba moja, laini ikikatika seva kuu nayo inagoma kukamilisha miamala, na kaunta zinasimama. Chukua njia ya kunakili bila kusubiri: Dar inakamilisha muamala, Dodoma inafuata. Utapoteza sekunde chache za mwisho, basi.

BintiKilwa: Nakubaliana na Mzee. Niongeze tu kwamba umbali wenyewe hautishi. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 4, tuseme hata 15 kwa mizunguko ya kebo. Karani hataona tofauti. Hofu ni laini kukatika.

fundi_data: Wakuu, mnasahau jambo zito. Riplika, yaani hiyo seva ya akiba inayonakili, inanakili na makosa pia. Mtu akiandika amri ya kufuta, DELETE, bila sharti la WHERE linalotaja safu zipi, Dodoma nako data inafutika muda huohuo. Someni yaliyowapata GitLab (kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu) tarehe 31 Januari 2017: mhandisi alifuta data ya seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Walipokimbilia dampu, hazikuwepo; pg_dump, programu ya kutengeneza dampu, ilikuwa ya toleo lisilolingana na seva, ikawa inashindwa kimyakimya. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa kama masaa sita kabla. Kwa hiyo riplika bila kusubiri, PAMOJA na kuhifadhi nakala ya data na faili za WAL (kumbukumbu ya kila badiliko) mahali pa tatu kwa programu ya pgBackRest. Hapo unaweza kurudi hadi dakika moja kabla ya kosa.

Mtunza_Daftari: Asante sana mkuu, hilo la DELETE hatukuliwaza. Je, seva ya Dodoma ijipandishe yenyewe kuwa seva kuu Dar ikizimika?

BintiKilwa: Hapana, kaka. Kwa seva mbili bila shahidi wa tatu (mashine nyingine ya kuamua ipi iko hai), Dodoma haiwezi kujua kama Dar imekufa au laini tu imekatika. Zikipokea miamala zote mbili, mna madaftari mawili yanayopingana. Kwa GitHub, kampuni nyingine ya kuhifadhi msimbo, Oktoba 2018, mtandao ulikatika kwa sekunde 43 tu, mfumo ukahamisha seva kuu wenyewe. Huduma ikayumba kwa zaidi ya saa 24. Apandishe mtu, kwa mkono, baada ya kupiga simu Dar.

MzeeWaKonsoli: Na ukitumia sloti ya riplika (inayoifanya Dar itunze WAL mpaka Dodoma izipokee), weka kikomo kwa mpangilio wa max_slot_wal_keep_size (upo tangu toleo la 13 la PostgreSQL). La sivyo Dodoma ikipotea wikiendi nzima, faili za WAL zitajaa Dar mpaka diski iishe.

Mtunza_Daftari: Tuna toleo la 15. Jumamosi tunaanza kwa kurejesha kutoka pgBackRest kwenye mashine tupu, tukiwa na saa mkononi, halafu ndipo tuwashe riplika. Nitaleta majibu hapahapa.