Tupeane uzoefu: pawa saplai ya wati ngapi inatosha kompyuta ya kujiundia?

Mtambo255
Wakuu, swali la pawa saplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme), "500W inatosha?", linarudi kila wiki, na anayeuliza hataji kadi (ya picha, ile ya geimu) wala prosesa (ubongo wa kompyuta). Tuweke kesi zote hapa: mashine ilikuwa na nini, pawa saplai gani, ilifanya nini, na kwa nini.

Naanza na iliyotulia. Prosesa Ryzen 5 5600, kadi RTX 3060, ram (kumbukumbu ya muda) vijiti viwili, SSD (diski ya kuhifadhi) moja, feni nne. Boksi la prosesa limeandikwa 65W lakini inaruhusiwa kuvuta hadi 76W, hivyo hesabu 76. Kadi 170. Mazabodi (ubao mkuu unaobeba vyote) wekea 50. Ram 10, SSD 8, feni 12. Jumla 326W. Hiyo ndiyo saa mbaya kabisa, kila kitu kikivuta kwa pamoja. Zidisha kwa moja na nusu unapata 489, kwa hiyo 550W nzuri inakaa bila presha. Mtengenezaji wa chipu ya kadi naye amependekeza 550W.

kimeo_hunter
Nakazia. Watu wanahesabu 65W ya kwenye boksi halafu wanashangaa. Kwa Intel ndiyo mbaya zaidi: i5-12400F ni 65W kwa jina, ikikazana inafika 117W. i9-13900K ni 125W kwa jina, 253W kwa vitendo. Hesabu namba kubwa siku zote.

FundiBara
Kuna kesi moja inafaa kila anayenunua kadi kubwa aisome. i7-12700K na RTX 3080, pawa saplai 650W ya kampuni yenye jina, Gold (daraja la ufanisi), mpya. Kwa karatasi: prosesa 190, kadi 320, vingine vyote 80. Jumla 590. Inatosha, si ndiyo?

Mashine inawaka vizuri, inafanya kazi za ofisi siku nzima. Ukifungua geimu nzito inakwenda dakika tano, kumi, halafu pale mandhari mpya inapofunguka, tik. Skrini nyeusi, feni zimesimama, taa zimezima zote. Hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe wa kosa. Unabonyeza kitufe cha mbele, kimya. Mpaka uzime swichi ya nyuma ya pawa saplai, usubiri kama sekunde kumi, uwashe tena. Hiyo ni dalili ya kinga ya pawa saplai yenyewe: imekata na imejifunga. Windows ikirudi, kwenye kumbukumbu zake unakuta Kernel-Power 41, ambayo maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Haikwambii nani kakata.

Mwenye mashine akabadilisha ram. Akaweka Windows upya. Akapaka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa. Kote huko hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba kadi ya 320W haivuti 320W iliyonyooka. 320 ni wastani. Ndani ya milisekunde chache inapaa juu sana ya hapo, kisha inashuka. Mita ya ukutani haiwezi kuliona hilo, programu haiwezi kuliona, ila sakiti ya kinga inaliona na inafanya kazi yake. Ikatolewa 650, ikawekwa 850W, mashine ikatulia.

Kwa wanaonunua leo: tafuteni iliyoandikwa ATX 3.0 au 3.1. Kiwango hicho kilitoka 2022, na kinaitaka pawa saplai ya zaidi ya 450W ihimili mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Kiliwekwa kwa sababu ya hizo hizo kadi.

mwana_wa_Pangani
Hiyo ya kuzima swichi ya nyuma ndipo iwake ni kweli tupu.

Nyaya_Nyeusi
Ndiyo maana nasema kila siku, nunua 1000W uachane na mahesabu.

kimeo_hunter
Mkuu, unamwambia mtu mwenye GTX 1660 Super ya 125W anunue 1000W? Hela hiyo aongeze kwenye kadi. Na bili ya umeme je?

Mtambo255
Hapo wote wawili mmekosea kidogo. Pawa saplai ya 1000W haili umeme zaidi kwa sababu ni kubwa. Inatoa kile mzigo unachoomba. Mashine ikihitaji 400W, na ufanisi ni asilimia 85, ukutani itavuta kama 470W, iwe imeandikwa 550 au 1000. Na tusichanganye: 500W yenye alama ya 80 Plus (ufanisi wa asilimia 80 au zaidi) inatoa 500W kamili kwa mashine, si 400. Asilimia inahusu kinachopotea kama joto kabla ya kufika kwenye nyaya.

Ila kwa Nyaya_Nyeusi: 1000W inayouzwa kwa bei ya 500W si 1000W.

dada_wa_solda
Hapo ndipo penye roho ya uzi huu. Wati za kwenye boksi achana nazo, geuza pawa saplai usome lebo ya ubavuni. Mfano, boksi "500W", lebo inasomeka hivi: +3.3V 22A, +5V 25A, +12V 22A, −12V 0.5A, +5VSB (ya kusubiri, mashine ikiwa imezimwa) 2A. Zidisha volti kwa ampia (A) kila moja: 72.6, 125, 264, 6, 10. Hata ukizijumlisha zote hazifiki 500. Na kompyuta ya leo karibu mzigo wake wote, prosesa na kadi, unatoka kwenye 12V. Kwa hiyo umenunua 264W, basi.

Linganisha na 550W ya kweli: +12V 45A, yaani 540W kwenye njia hiyo peke yake. Hiyo ndiyo lebo ya kulipia.

Lebo nyingine zinaigawa 12V katika njia mbili, 12V1 14A na 12V2 15A. Usijumlishe ukasema 29A. Tafuta mstari wa chini unaosema zote mbili pamoja zisizidi wati ngapi. Usipokuwepo, rudisha kwa muuzaji.

Kijana_Mabibo
Shikamoo dada. Nimegeuza yangu sasa hivi, 12V ni 18A 😳

dada_wa_solda
Marahaba. 18 mara 12 ni 216W. Kwa kompyuta ya kuandikia na kuangalia video inatosha. Kadi yenye plagi ya ziada usiiweke.

Bandari_Kavu
Ngojeni niwape ya moshi. Hizi kompyuta za mtumba zinazokuja kwenye makontena kutoka Marekani, nyuma ya pawa saplai za zamani kuna kiswichi chekundu: 115 au 230. Inatoka kule ikiwa kwenye 115. Mtu anainunua, anaifikisha nyumbani, anabadilisha plagi ya waya, anachomeka ukutani.

PAA! Mlio kama wa tairi, mwanga unaonekana kwenye matundu ya feni, harufu ya samaki aliyeoza chumba kizima, na swichi kuu ya nyumba imeanguka.

Kilichotokea ndani: pale mwanzoni kuna kapasita (vihifadhi chaji) mbili kubwa, kila moja ya 200V. Swichi ikiwa kwenye 115, sakiti inaijaza kila kapasita kwa kilele kizima cha umeme unaoingia. Kilele cha 115 ni kama volti 163, sawa. Kilele cha 230 ni kama 325. Kapasita ya 200V ikipewa 325 haina hiari, inapasuka.

mwana_wa_Pangani
Eeh! Na mazabodi ilipona?

Bandari_Kavu
Mara nyingi inapona, kwa sababu ajali imetokea upande wa kuingilia na 12V haikupanda. Si hakika lakini. Pima kwa pawa saplai nyingine nzima kabla ya kutupa.

Nyaya_Nyeusi
Unafungua tu unabadilisha fyuzi na ile varista (kinga ya volti kubwa), inawaka.

dada_wa_solda
Jamani, HAPANA. Usimwambie mtu hivyo. Kapasita iliyobaki nzima inaweza kuwa na volti za hatari hata baada ya kuchomoa waya. Na fyuzi ikikatika kwa namna hiyo, ujue daraja la dayodi (linalogeuza AC kuwa DC) nalo limekwenda, na pengine transista. Utaweka fyuzi mpya ilipuke usoni.

Nyaya_Nyeusi
Nazungumza na mafundi, si watoto.

dada_wa_solda
Uzi unasomwa na watoto pia, mkuu.

FundiBara
Tuyaache hayo. Za kisasa zimeandikwa 100–240V na hazina kiswichi kabisa, zinajirekebisha zenyewe. Ukiona kiswichi, ujue pia ni muundo wa zamani.

Kijana_Mabibo
Samahani wakuu, na wenye OptiPlex (kompyuta za ofisi za Dell) tunaongeza kadi au tunaacha?

kimeo_hunter
Inategemea ipi. OptiPlex 7010 ile ya mnara ina 275W, ile nyembamba 240W. Yenye prosesa i5-3470, hiyo ni 77W. GTX 1650 ni 75W na inachukua zote kwenye sloti yake, haihitaji plagi. Weka 70 za mazabodi, diski na feni: jumla 222. Mnara unabeba. Ile nyembamba inabaki na 18W tu, siipendi. Na angalia kadi kabla hujatoa hela, kuna GTX 1650 zenye plagi ya pini 6, na pawa saplai ya OptiPlex hiyo haina waya wake.

Ukitaka kubadilisha pawa saplai: 7010 inapokea plagi ya kawaida ya pini 24. 7020 na 9020 ni pini 8, EliteDesk 800 G1 (ya HP) ni pini 6, zinahitaji adapta.

mwana_wa_Pangani
Si zipo adapta za kutoka SATA (plagi ya umeme ya diski) kwenda pini 8 za kadi?

Mtambo255
Zipo na ndizo zinazoyeyuka. Plagi ya SATA ina pini tatu za 12V, kila moja ampia 1.5. Hiyo ni 4.5A, yaani 54W. Pini 8 inaweza kuomba 150W. Plastiki inaanza kuwa kahawia, halafu inayeyuka na kushikana.

Nyaya_Nyeusi
Molex (plagi ya zamani ya pini 4) mbili kwenda pini 6 ni salama.

Mtambo255
Kwa 75W, nyaya zikiwa nene na molex zikitoka kwenye kebo mbili tofauti, nakubali.

FundiBara
Na kadi yenye plagi mbili za pini 8, vuta kebo mbili kutoka kwenye pawa saplai. Usitumie ile moja yenye mikia miwili kama kadi inavuka 225W.

Tabata_Geimu
Kebo za pawa saplai ya kampuni nyingine zinaingia vizuri kwenye yangu, nitumie?

dada_wa_solda
Usitumie kabisa. Upande wa diski na kadi umesanifiwa sawa dunia nzima, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka. Inaingia, inabana vizuri, na inapeleka 12V mahali pa 5V. Diski zote zilizo kwenye kebo hiyo zinakufa kwa sekunde moja, na data zake. Ukiuza pawa saplai, uza na kebo zake.

Bandari_Kavu
Msisahau UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika). Ya 650VA nyingi zinabeba kati ya 325W na 400W, si 650. Mashine ya Mtambo255 ikiwa na 326W ndani, ukutani ni kama 380, ongeza skrini 25. Umeme ukikatika katikati ya geimu inapiga kelele na kuzima. Chukua 1000VA ya 600W.

Tabata_Geimu
Sawa. Nikishaunda nitajuaje imetosha kweli?

Mtambo255
Washa Prime95 (programu ya kuibana prosesa) na FurMark (ya kuibana kadi) kwa pamoja, nusu saa, mfuniko wa kasha ukiwa umefungwa ili joto liwe la kweli. Chukua mita, iweke DC 20V, probu nyeusi kwenye waya mweusi wa molex, nyekundu kwenye wa njano. Isishuke chini ya 11.40. Waya mwekundu ni 5V, isishuke chini ya 4.75. Probu isiguse pini mbili kwa mpigo. Ukiona 12V inateremka kidogo kidogo kadiri inavyopata moto, 11.9, 11.7, 11.5, zima, usisubiri ifike.

Kijana_Mabibo
Probu nyeusi ikikosa mweusi wa molex, chuma cha kasha kinafaa?

Mtambo255
Kinafaa, ila kwenye skrubu isiyo na rangi.