Programu ya uongozi kwa Walatino: Kihispania cha kazi au cha mapambo?

mzee_wa_austin: Wakuu habari za humu. Nipo Texas, najitolea kwenye sekondari moja yenye wanafunzi wengi wa Kilatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini). Shule inataka kuanzisha programu ya uongozi ya lugha mbili na mimi nimewekwa kwenye kamati, sasa nikiangalia ratiba naona Kihispania kipo kwenye bango na salamu za ufunguzi basi, mafunzo yote Kiingereza. Nikahoji, nikaambiwa eti wengine Kihispania chao cha kuungaunga wataona aibu. Mliowahi kufanya kazi na programu za hivi, hiyo lugha mnaipa kazi gani hasa?

Dada Zai: Kuungaunga ndiyo sababu ya kuwapa mazoezi sasa! Watoto hao nyumbani wanaongea na bibi vizuri tu, ila hakuna aliyewahi kuwafundisha kubishana kuhusu bajeti kwa Kihispania. Sisi tuliwapa kikao cha wazazi kuhusu ratiba ya basi la shule, binti wa darasa la 11 akawa mwenyekiti kwa Kihispania, ajenda kaandika mwenyewe, na mkuu wa shule ndiye aliyekaa na vifaa vya masikioni anasubiri mkalimani tuliyemlipa 😂 Wazazi ambao huwa wanakaa kimya nyuma siku hiyo walinyanyua mikono mpaka muda ukaisha. Bango halikufanyii hayo.

Kibarua: Naongezea historia kidogo maana kamati zinadhani hili jambo limeanza jana. Antonia Pantoja na wenzake walianzisha shirika la ASPIRA New York 1961 kwa ajili ya vijana wa Puerto Rico, na kesi waliyofungua ndiyo iliyozaa makubaliano ya 1974 ya elimu ya lugha mbili kwenye shule za jiji. Kule Los Angeles kambi ya uongozi ya vijana Wachicano (Wamarekani wenye asili ya Mexico) ilianza 1963 huko Malibu, na baadhi ya waliopita pale wakaja kuongoza migomo ya wanafunzi ya 1968, mojawapo ya madai yao ni hilohilo la lugha mbili. Enzi hizo mtoto alikuwa anaadhibiwa shuleni kwa kuongea Kihispania. Halafu leo tunaogopa wataona aibu?

mwl_Rehema: Nakubaliana ila taratibu jamani. Kwanza sio kila Mlatino ni wa Kihispania, kuna watoto wa Guatemala nyumbani kwao wanaongea Kimam au Kik'iche', na kuna wa kizazi cha tatu hawajui hata salamu, msiwapime kwa lugha. Pili Dada Zai umefanya la maana kumweka mkalimani wa kulipwa, maana shule nyingi zikisikia "uongozi wa lugha mbili" zinageuza wanafunzi kuwa wakalimani wa bure, na mwongozo wa serikali ya Marekani wa 2015 uliitaka shule yenyewe itafute mkalimani mwenye uwezo kwa wazazi wasiojua Kiingereza.

mzee_wa_austin: Aisee asanteni, hilo la ukalimani wa bure lipo kabisa kwenye rasimu yetu, limeitwa "kujitolea". Alhamisi naomba lifutwe na nadai kikao kimoja cha wazazi kiendeshwe na wanafunzi. Dada Zai, ile ajenda binti aliandika peke yake au mlikaa naye?

Dada Zai: Tulikaa naye jioni mbili, maneno ya bajeti yalimsumbua. Kuongoza kikao hakutaka msaada wa mtu.