Vinundu vyeupe kwenye bandama ya chewa: ni minyoo au ni bakteria?

Swali (Muuza Samaki, Tanga)
Habari zenu, ndugu zangu. Juzi nilimpasua chewa aliyekonda hadi kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili, nikakuta bandama imevimba na imejaa vinundu vyeupe vidogo kama punje za mtama, huku vingine vichache vikiwa kwenye ini. Ngozi na matamvua havikuwa na dosari yoyote. Huu ni ugonjwa gani, na je, samaki huyo anafaa kuuzwa?

Jibu (Bwana Maabara)
Pasua kinundu kimoja kwa ncha ya kisu. Mnyoo mchanga utamwona amejikunja ndani yake, lakini kinundu cha bakteria ni kigumu na hakina mnyoo, kwa kuwa mwili wa samaki ukishindwa kuwaua bakteria huwazungushia ukuta wa seli. Kagua pia figo, yaani ule utepe mwekundu uliokolea chini ya uti wa mgongo, ambao wengi huukwangua wakidhani ni damu iliyoganda. Mimi namshuku Mycobacterium marinum, wa jamii moja na bakteria wa kifua kikuu, aliyetambuliwa mwaka 1926 katika samaki wa baharini waliofugwa Philadelphia, Marekani. Uhakika utaupata maabara, kwa upimaji wa kuwatia bakteria rangi ili waonekane kwenye darubini, uleule unaotumika kutafuta kifua kikuu kwenye makohozi ya watu.

Jibu (Mfugaji wa Vizimbani)
Yupo pia bakteria mwingine, Photobacterium damselae, aliyejulikana baada ya samaki kufa kwa wingi katika Ghuba ya Chesapeake, Marekani, mwaka 1963, naye huacha vinundu vyeupe kwenye bandama na figo. Hata hivyo, huyo huua upesi, hasa samaki wachanga maji yanapopata joto, wala hampi samaki muda wa kukonda namna hiyo.

Jibu (Muuguzi wa Pwani)
Bakteria hao hufa samaki akiiva vizuri, lakini aliyeoza bandama kiasi hicho mimi nisingemuuza. Anayehatarika zaidi ni wewe unayempasua: Mycobacterium marinum hupenya kwenye mchubuko au mchomo wa mwiba, na wiki kadhaa baadaye huota uvimbe kidoleni ambao hauponi na huweza kupanda mkononi. Kwa kawaida hubaki kwenye ngozi, maana hustawi katika joto la nyuzi 30 hivi, ilhali ndani ya mwili wetu ni 37. Vaa glavu, na ukipata uvimbe wa aina hiyo mweleze daktari kwamba unashika samaki kila siku, kwa sababu akiudhani ni jipu la kawaida atakupa dawa isiyofaa.