Naomba ushauri: wasichana wanapotea kwenye klabu ya shule msimu wa dagaa

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kutwa upande wa Igombe, Ilemela, Mwanza, na ni mlezi wa klabu ya Malihai, ile ya wanafunzi ya kutunza mazingira na wanyamapori. Tunakutana Jumatano baada ya vipindi.

Mwanzoni nilidhani wanachama wangu ni wavivu. Wiki mbili wanajaa, wiki mbili nabaki na wavulana sita. Nilipolipitia daftari la mahudhurio nikagundua linafuata mwezi. Siku za giza, zisizo na mbalamwezi, zikiingia, karabai zinawaka ziwani, asubuhi dagaa wanafika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na wasichana wakitoka shule wanakwenda kuanua na kuchambua. Mbalamwezi ikirudi, wavuvi wanapumzika, nao wanarudi klabuni.

Kuna mmoja wa kidato cha pili, ana mkono mzuri sana wa miche. Juzi alikuja mbio, magamba bado yameng'ang'ania kwenye kucha, akaniuliza kama mpapai wake umemwagiliwa. Mama yake anasema klabu haileti unga nyumbani, tena Novemba kuna upimaji wa taifa. Siwezi kumlaumu, maana fedha ya dagaa ndiyo inanunua madaftari.

Nawaza kuhamishia vikao siku za mbalamwezi tu, lakini mkuu wa shule anataka ratiba isiyobadilika. Na safari ya kisiwa cha Saanane niliyowaahidi ikiangukia kwenye giza, watakaoikosa ni walewale.

Walezi wenzangu wa Ukerewe, Sengerema na Musoma, ninyi mnafanyaje? Na mzazi kama huyu nimwendee nyumbani, au nimwite shuleni?