Websaiti ya hospitali: kila mtu anatafuta chake na hakioni, nipangeje?

kijana_wa_duga
Wakuu habarini za jioni. Niko Tanga, nimepewa kazi ya kuirekebisha websaiti ya hospitali ndogo ya binafsi, jina naliacha. Menyu yake imepangwa kwa idara kama zilivyo kwenye jengo, Mionzi, Afya ya Uzazi na Mtoto, Magonjwa Yasiyoambukiza, Utawala. Sasa wanaoingia hawafanani kabisa, kuna mama mjamzito yuko Pongwe anataka siku ya kliniki, mzee wa presha anauliza kama kadi yake ya NHIF inapokelewa, mwanachuo anatafuta nafasi ya fildi, mwingine anauza vifaa anataka zabuni, na wote wanaishia kupiga simu mapokezi. Nafikiria kuweka vitufe vinne mbele: Mgonjwa, Ndugu, Mtaalamu, Mgeni. Mnaonaje?

binti_ngamiani
Hivyo vitufe ningeviacha mkuu. Mimi namuuguza mama na mwenyewe nina presha, nibonyeze kipi? Mtu hajijui kwa cheo, anajua kilichomleta. Kakae mapokezi siku mbili na daftari, andika maneno yao vilevile wanavyoyatamka. Utasikia "nataka kupiga utrasaundi", "nimeleta mtoto chanjo", "dokta wa macho yupo lini". Hayo ndiyo yawe menyu yako. Halafu hilo neno Mionzi litoe, utrasaundi yenyewe haina mionzi, inatumia mawimbi ya sauti, na wajawazito wanaliogopa sana hilo neno.

nesi_wa_mwambao
Mimi ni nesi kliniki ya wajawazito, naomba niongelee SAA maana linaniuma. Mwaka jana alikuja mama mimba kubwa, ametoka njia ya Pangani huko, kafika saa nane mchana kliniki tumeshafunga. Nikamuuliza mbona umechelewa mama, akatoa simu, kioo kimepasuka pembeni, akanionyesha ratiba imeandikwa 08:00. Yeye kasoma saa nane, na ana haki, sisi hiyo ni saa mbili asubuhi. Nilimpima presha nimeshavaa nguo za kuondokea. Tafadhali mdogo wangu andika "saa 2 asubuhi", usiiachie kompyuta ikuandikie.

Na juu kabisa, kabla ya picha za jengo na salamu za mkurugenzi, weka dalili za hatari kwa mjamzito: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, degedege, mtoto kuacha kucheza tumboni. Chini yake 115 ya m-mama, ni bure, ni ya usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Hiyo namba ibonyezeke ipige hapohapo, mtu mwenye uchungu hawezi kuanza kukariri namba.

kijana_wa_duga
Dada nesi asante sana, zetu zote ziko hivyohivyo 08:00, sikuwahi kuwaza. Na bei je? Sasa hivi ni karatasi iliyoskaniwa, imepandishwa kama picha.

fundi_raskazone
Ichape upya iwe maandishi. Picha inakula bando, kwenye simu ndogo mtu anavuta huku na huku mpaka anakata tamaa, ukitafuta neno haulipati, na asiyeona anayetumia programu ya kumsomea haisomi chochote. Kwenye kisanduku cha kutafutia ingiza majina yote ya kitu kimoja: presha na shinikizo la damu, sukari na kisukari, TB na kifua kikuu, eksirei, eksrei, x-ray. Watu wa fildi na zabuni wawekee mlango wao chini ya ukurasa, wale wana muda wa kutafuta, mgonjwa hana. Bima usiandike tu "tunapokea bima", taja ipi na kwa huduma gani, na uweke tarehe uliyohakiki mara ya mwisho, maana mzee wa watu atakodi boda kutoka Maweni kwa kuamini neno lako.

kijana_wa_duga
Nimewaelewa. Saa nimezibadilisha usiku huu zote, Jumatatu asubuhi niko mapokezi na daftari. Dada nesi swali moja, hiyo ya mtoto tumboni, kina mama wa huku wanasema kucheza au kutikisika?

nesi_wa_mwambao
Kucheza. Andika "mtoto hachezi".